Mvua zinakuja, nataka kuendesha baiskeli ndani, mume wangu hataki kusikia

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mfanyabiashara, nina duka la vitenge na madera, naishi Chuno hapa Mtwara. Nina miaka 41 na watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Nakuandikia jambo ambalo wenzangu wanaliona dogo, lakini nyumbani kwangu limeshakuwa kubwa.

Mwaka jana nilikutwa na presha. Nikaanzishiwa dawa na daktari akaniambia nisiwe mtu wa kukaa dukani kutwa nzima. Kukimbia magoti hayataki, kwa hiyo nikanunua baiskeli ya mtumba ya gia, nyuma ina gia saba, matairi ya inchi 26 yenye vifundo vikubwa. Nikajiunga na kikundi cha watu wachache tunaotoka alfajiri. Katikati ya wiki tunazunguka Shangani, Jumamosi tunakwenda mpaka Mikindani. Mwalimu, sijajisikia vizuri hivi kwa muda mrefu. Presha imeshuka, usingizi umerudi, hata madera yangu mwenyewe yananipwaya. Mwakani mwezi wa sita kikundi kimepanga kwenda Lindi kwa baiskeli na kulala huko, na mimi nimejiandikisha.

Shida ni mvua. Msimu uliopita zilipochanganya nikaacha kabisa. Barabara ya mtaani kwetu ni ya udongo, mashimo yakijaa maji huyaoni, na alfajiri yenye mawingu madereva nao hawakuoni. Nikakaa mpaka mwezi wa nne bila kupanda baiskeli, na nilipokwenda kupima nikakuta presha imerudi palepale. Mwaka huu sitaki yanikute tena.

Mpwa wangu anaishi Ujerumani. Anasema huko baridi ikianza watu wanafunga baiskeli zao ndani kwenye stendi maalumu ya mazoezi na kukanyaga hapohapo. Yeye anayo ya kisasa, unatoa gurudumu la nyuma kabisa, inaunganishwa na simu, kwenye skrini unaona milima na watu wengine wanaoendesha. Anataka kubadilisha, kwa hiyo ananiuzia yuro 250, gharama ya kusafirisha ni yangu. Muuzaji mmoja wa Kariakoo anayo ya sumaku, hiyo gurudumu halitolewi, anataka 320,000 pamoja na kuileta kwa basi. Na hapa mjini kuna mtu anauza baiskeli ya mazoezi ya jimu iliyotumika, 400,000.

Mume wangu haafiki hata moja. Anasema hela ya korosho ikiingia ina kazi zake, na hawezi kununua chuma cha kukanyaga bila kufika popote. Anasema nipandishe Phoenix ya marehemu baba yake kwenye stendi yake ya nyuma, nikanyagie uani, bure. Halafu anahofia mtoto mdogo ataingiza mkono kwenye spoku. Tumefikia kununiana. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, na jirani tunagawana ukuta.

Nifanye lipi, Mwalimu? Hela yangu mwenyewe, bila kumgusa yeye, ni laki tatu na nusu.

Mama Swaumu, Chuno

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa presha kushuka, na hongera zaidi kwa kuiona mvua kabla haijafika.

Chukua ile ya sumaku ya Kariakoo. Ya mpwa wako iache, ya jimu iache. Lakini usitume hata shilingi mpaka umeuliza maswali nitakayokuandikia hapa chini, kwa sababu stendi nzuri isiyoshika ekseli ya baiskeli yako ni chuma kweli, kama mzee anavyosema.

Kwanza uelewe kwa nini mpwa wako amenunua kitu cha namna ile. Berlin mwezi wa Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu anakwenda kazini gizani na kurudi gizani, barabara ina barafu, na hali inaendelea hivyo kwa miezi. Huyo anahama na baiskeli yake ndani kabisa, msimu mzima. Ndiyo maana yuko tayari kulipia mashine inayomwonyesha milima kwenye skrini: bila hiyo atachoka na ukuta wa chumba. Karibu kila kitu utakachosoma kuhusu stendi hizi kimeandikwa na watu wa hali hiyo, wakiwaandikia watu wa hali hiyo.

Wewe huna baridi, una mvua. Huku kwetu kusini tuna msimu mmoja mrefu, Novemba au Desemba mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Lakini mvua yetu inapiga, inakata, jua linatoka. Desemba hapa Mtwara kunapambazuka kabla ya saa kumi na mbili, tena ndiyo miezi yenye siku ndefu kuliko zote za mwaka. Lami ya kwenda Mikindani inakauka haraka mvua ikikatika. Jumamosi nyingi mtatoka, hata katikati ya msimu. Kinachokuvunja ni zile alfajiri za Jumanne na Alhamisi unapoamka ukasikia bati linapigwa, unarudi kulala, wiki inapita, na nyingine inafuata. Stendi yako ni ya kuziba pengo hilo. Itafanya kazi siku mbili tatu kwa wiki, kwa miezi mitano au sita. Kwa kazi hiyo mashine ya mpwa ni kubwa mno.

Na bei yake siyo yuro 250. Mashine hizo za kutoa gurudumu zina uzito wa kilo 15 mpaka 22 hivi, na mzigo huo ukipanda ndege unalipiwa kwa kilo. Ikifika, unahitaji seti ya meno ya gia ya kufunga kwenye mashine yenyewe, kwa kuwa gurudumu lako litakuwa limewekwa pembeni. Nyingi zimetengenezewa seti za gia nane mpaka kumi na moja. Yako ya saba inaingia kwa kuongeza pete ya kujazia nafasi. Kama baiskeli yako ina friwili ya zamani, yaani seti ya meno iliyosokotwa kwenye gurudumu lenyewe, hiyo huwezi kuihamisha, utanunua seti nyingine, na seti hizo hapa mjini utazitafuta mpaka uchoke. Umeme wa Ujerumani na wetu ni sawa, volti 230, ila plagi yao ya pini mbili za duara haiingii kwenye soketi zetu za pini tatu bapa, utatafuta adapta. Hayo yanatatulika. Lisilotatulika ni kwamba nyingi ya mashine hizo umeme ukikatika zinapoteza ule uzito wa kukanyagia, miguu inazunguka bure. Wewe unajua umeme unavyokuwa siku za mvua na radi. Utaikosa mashine siku zilezile ulizoinunulia.

Kuna pia programu. Inayojulikana zaidi, Zwift, inatoza dola 19.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani. Kwa miezi sita ya mvua hiyo peke yake ni karibu dola 120. Ipo nyingine, MyWhoosh, ya bure, na ni nzuri. Hata hivyo zote mbili zinataka bando, na zinataka mashine au kifaa cha kupimia kinachozungumza na simu. Bila hayo mwili wako unafanya kazi ileile. Moyo haujui kama mbele yako kuna mlima wa kwenye skrini au kabati la vyombo.

Baiskeli ya jimu siipingi kwa ubaya. Kama ungeniambia unataka kushusha presha tu, na kwamba mzee na binti mkubwa nao wataipanda, ningekuambia nenda ukaipatanishe bei. Lakini wewe unakwenda Lindi. Ni zaidi ya kilomita 100 za kukaa juu ya kiti kimoja, mikono kwenye usukani mmoja, na kinachomshinda mtu njiani mara nyingi ni makalio, viganja na shingo, mapafu yakiwa bado yanataka. Mwili unatakiwa uzoee baiskeli ile itakayokupeleka. Kwenye stendi unafanya mazoezi juu ya kiti chako mwenyewe, na kikiwa kimekaa vibaya utajua mwezi wa kwanza, ukiwa nyumbani na spana mkononi. Tena ya jimu inakula kona ya sebule mwaka mzima, wakati stendi unaikunja na kuisukuma uvunguni.

Sasa hiyo ya sumaku. Ni fremu ya chuma yenye miguu miwili inayofunguka. Inashika ncha za ekseli ya nyuma, gurudumu linaelea kidogo juu ya sakafu, na tairi linaegemea rola. Pembeni mwa rola kuna sahani ya chuma inayozunguka katikati ya sumaku bila kugusana nazo. Ikizunguka, sumaku zinaivuta nyuma, na huo ndio uzito unaousikia miguuni. Kwa kawaida inakuja na waya wenye kidude cha kufunga kwenye usukani, unasogeza namba, inakuwa nzito au nyepesi. Haitumii umeme wala betri. Ipo aina ya mafuta pia, ambapo ndani kuna pangaboi linalozunguka kwenye mafuta mazito. Hiyo ina sauti ndogo na uzito wake unapanda wenyewe kadiri unavyokanyaga kwa kasi, kama barabarani, ila bei yake ni kubwa zaidi, na ikiwa ya zamani huvuja. Kwa laki tatu na nusu baki na sumaku. Wewe una gia saba za nyuma, ukichanganya na namba za kwenye usukani utapata kila uzito unaouhitaji, mpaka ule mpando wa kutoka Mikindani.

Muulize muuzaji kama inashika gurudumu la inchi 26. Nyingi zinashika 26 mpaka 29, lakini zipo zilizotengenezwa kwa magurudumu makubwa tu, na rola haitafikia tairi lako. Kisha muulize habari ya ekseli, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Chuchumaa nyuma ya baiskeli yako utazame katikati ya gurudumu. Ukiona mkono mdogo wa kufungua kwa vidole upande mmoja, una bahati. Stendi nyingi zinakuja na ekseli ya aina hiyo ya chuma kigumu, unachomoa yako, unaingiza yao, basi. Ukiona nati mbili za kufungua kwa spana namba 15, mwambie muuzaji hivyo hivyo, na umtumie picha. Vikombe vya stendi vinavyobana ekseli viko vya maumbo tofauti. Vingine vinapokea nati, vingine nati inateleza. Zipo nati maalumu ndefu za kazi hii, na kama hana, mzigo huo usiuchukue. Akuahidi pia kwa maandishi kwamba ukifika na haushiki, utamrudishia mzigo naye akurudishie hela.

Mwombe akupigie video fupi akizungusha rola kwa mkono. Isikilize bila kelele za watu. Rola nzuri inazunguka na kufifia taratibu. Ikisaga au ikigonga, beringi imekwisha au sahani imepinda. Atazame na uso wa rola pale tairi linapopita: ukiwa na vidonda vya kutu utakula tairi lako ndani ya wiki chache.

Kuhusu tairi, hayo uliyonayo hayafai kwa stendi. Vifundo vikipita juu ya rola vinapiga kelele ya trekta, na jirani wa ukuta mmoja atakuja kugonga mlango siku ya kwanza. Nunua tairi moja laini la nyuma, upana wa inchi 1.5 unatosha. Soma kwanza ubavu wa tairi lako la sasa. Pembeni ya yale maandishi ya inchi 26 kuna namba ndogo, na baiskeli za gia kama yako kwa kawaida zimeandikwa 559. Hiyo ndiyo namba ya kumpa fundi. Kuna matairi mengine yanaitwa 26 vilevile, ya baiskeli za mjini za Kijapani zinazokuja na makontena ya mtumba, namba yake ni 590, na hayo hayakai kwenye ringi yako hata ukilazimisha. Ukiuliza tu “tairi ya ishirini na sita” unaweza kuuziwa hilo. Ile elfu thelathini inayobaki kwenye laki tatu na nusu yako itumie hapa. Tairi laini unaweza kuliacha hata kwa safari ya Lindi, kwa sababu njia yote ni lami na utakwenda mwepesi zaidi.

Siku ya kufunga, usifanye peke yako. Mmoja ashike baiskeli, mwingine afungue mkono wa stendi. Ekseli ikikaa kwenye vikombe vyote viwili, kaza, halafu shika kiti na uitikise kushoto na kulia kwa nguvu kabla hujapanda. Ikicheza, fungua uanze upya. Jaza upepo, kisha sogeza rola mpaka iguse tairi, na kutoka hapo kaza kidogo kidogo kwa kile kitasa cha nyuma. Utajua imetosha ukishika tairi kwa mkono ukalisukuma ghafla na rola ikaondoka nalo bila kuteleza. Kila ukimaliza, legeza rola iachane na tairi, vinginevyo tairi litapata ubapa. Gurudumu la mbele litakuwa chini kuliko la nyuma, kwa hiyo weka kipande cha ubao chini yake. Stendi ikae kwenye sakafu tupu au kwenye zulia la mpira; kwenye mkeka inateleza.

Mwanangu, pale ambapo sisi na watu wa Ulaya tunaachana kabisa ni joto. Wao wanafungua dirisha, baridi inaingia, wanaendelea. Wewe utakanyaga Januari, Mtwara, kwenye chumba chenye unyevu, bila ule upepo unaoupata barabarani. Jasho halitakauka mwilini, na jasho lisilokauka halipoozi. Moyo utakwenda mbio kwa kazi ndogo. Kwa mtu mwenye presha hili si la kupuuza. Feni iwe mbele yako, ikikupiga kifuani, na dirisha liwe wazi. Umeme ukikatika, toa stendi barazani chini ya paa, au siku hiyo fanya dakika ishirini nyepesi tu. Alfajiri ni bora kuliko jioni. Chupa ya maji iwe kwenye baiskeli, unywe kidogo kidogo muda wote. Taulo moja litandike juu ya usukani, maana jasho lina chumvi na hewa yetu ya pwani ina chumvi yake; vikiungana vinakula boliti za usukani ukiwa hujui. Ukimaliza, futa baiskeli yote kwa kitambaa kikavu.

Kabla ya yote hayo, mwulize daktari wako aina ya dawa unayotumia. Zipo za presha, kama atenolol na propranolol, zinazopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo ukijipima kwa kuhesabu mapigo utajidanganya. Tumia pumzi. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali sahihi. Kifua kikibana, ukiona kizunguzungu au mapigo yakirukaruka, shuka na umwone daktari.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jumamosi yako ya Mikindani inabeba sehemu nzuri ya hizo. Ndani fanya mara mbili, mvua ikizidi mara tatu, dakika 30 mpaka 45. Usishangae dakika 30 za ndani zikikuchosha kuliko barabarani: hakuna mteremko, hakuna kuacha kukanyaga hata kidogo. Dakika kumi za mwanzo nyepesi. Kisha dakika tatu nzito, mbili nyepesi, rudia mara nne au tano. Malizia taratibu. Baada ya mwezi ongeza dakika za uzito, siyo ukali wake. Kila baada ya muda simama kidogo kwenye pedeli, upumzike na kiti, maana kwenye stendi baiskeli haiyumbi na makalio yanabeba yote.

Nije kwa mzee. Kwa mtoto yuko sahihi kabisa, na mwambie hivyo kabla hujamwambia jingine. Gurudumu linalozunguka hewani linamvuta mtoto wa miaka minne, na spoku hazisamehi vidole. Panda wakati amelala au mlango umefungwa kwa ndani. Upande wa cheni ulaze kuelekea ukutani. Ukishuka, usiondoke mpaka gurudumu limesimama, na usimwache aguse ile sehemu ya sumaku, inakuwa ya moto. Ukishindwa kuyafanya haya kila siku, usinunue.

Kwa Phoenix ya marehemu, wazo lake lina mantiki, kwa sababu ile stendi ya nyuma inanyanyua gurudumu kweli. Ila imetengenezwa kubeba baiskeli ikiwa imeegeshwa, siyo mtu mzima anayekanyaga juu yake. Miguu yake itatanuka, na siku moja itakukunjia ukiwa juu. Na gurudumu likiwa hewani halina uzito wowote, ni kuchezesha miguu tu. Msidanganyike pia na fundi wa kuchomelea atakayesema anaweza kuiunda: rola isiyo duara sawasawa inatikisa gurudumu mpaka spoku zinalegea. Baiskeli ya baba yake iheshimuni, itumike barabarani.

Kuhusu hela, usiizungumzie korosho. Hiyo ni ya shamba, na huenda ina ada za shule ndani yake na madeni ya sulfa, ile dawa ya mikorosho. Laki tatu na nusu ni yako, imetoka dukani kwako, na mwambie mapema kwamba hutaongeza. Ninavyosoma barua yako, naona mzee hajaelezwa vizuri ile presha ilivyorudi juu mwezi wa nne. Amesikia habari ya chuma, mpwa na Ujerumani. Chukua kile cheti cha kliniki chenye vipimo vyako, mketi siku duka limefungwa, umwonyeshe namba za kabla ya mvua na namba za baada ya mvua. Mwombe yeye ndiye ashike baiskeli siku ya kuifunga. Mwanaume aliyekaza nati kwa mkono wake hatasema tena ni chuma cha bure.

Mpwa naye usimkatae kavu, ana nia njema. Mwambie mashine ni nzito na umeme wetu hauiwezi, lakini akija likizo akuletee ile ekseli ya chuma ya kufungia kwenye stendi, pamoja na taa nzuri ya nyuma ya baiskeli. Vyote viwili vinaingia kwenye mfuko wa koti. Taa ni ya zile alfajiri za mawingu ambazo mvua imekatika na lami imekauka, ambapo nakuomba utoke nje na siyo kupanda stendi.

Na mwezi wa sita, mtakapojipanga, mwambie kiongozi wa kikundi muondoke Mtwara na mapambazuko, mpumzike Mnazi Mmoja kabla ya kuingia Lindi. Wakati huo kusi itakuwa inavuma, na kwa kuwa Lindi iko kaskazini-magharibi ya Mtwara, mtakuwa nayo mgongoni karibu njia nzima. Kurudi itakuwa usoni. Kurudi pakieni baiskeli kwenye basi.